Saruji Isiyo Gundi: Jinsi Goti Bandia Linavyoshikizwa Mfupani

Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na istilahi "saruji ya mfupa" katika maelezo ya goti bandia, huenda akadhani kwamba mfasiri ameteleza, na kwamba "gundi" ingefaa zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba saruji ndilo neno faafu, na ithibati imo katika kazi yenyewe.

Dutu hii ni plastiki iitwayo polimethili methakrileti. Unga wake ukichanganywa na kimiminika chake, hupatikana uji, kisha donge kama la unga uliokandwa, kisha kitu kigumu. Yote hayo kwa dakika kumi hivi, huku joto likitoka. John Charnley wa Uingereza aliitumia kushikiza nyonga bandia mwishoni mwa miaka ya 1950. Magoti yalifuata muongo uliofuata.

Dutu hii haigandami mfupani kama gundi. Hushika kwa kupenya. Sehemu ya juu ya muundi, ikishakatwa, huonyesha vitundu kama vya sifongo. Mpasuaji huvisafisha kwa maji yarushwayo kwa kasi hadi damu na mafuta yatoke, huukausha mfupa, kisha huishindilia saruji iingie milimita 3 hadi 4. Ikipenya kidogo, kiungo hulegea baada ya miaka. Ikizidi mno, joto lake laweza kuua seli za mfupa. Bamba la chuma nalo hupakwa mapema, kabla mafuta ya uboho hayajalifikia.

Fundi mwashi wa Nyalenda, Kisumu, angeielewa kazi hii upesi. Yeye pia huukwaruza ukuta laini na kuufuta vumbi kabla ya kupiga lipu. Wanatengana kwenye maji tu: mwashi huurowesha ukuta, mpasuaji huukausha mfupa. (Hapo, nakiri, istilahi yetu inapotosha.)

Wote wawili hukimbizana na wakati, na joto huufupisha. Mchana Kisumu hufikia nyuzi 29 au 30. Kiyoyozi cha chumba cha upasuaji kikizimika, saruji huwahi kuganda, na bamba lililokaa upande halisogezwi tena ila kwa kulibomoa. Ndiyo sababu baadhi ya wapasuaji huihifadhi saruji jokofuni kabla ya kuichanganya: hujipatia dakika chache za ziada, na mguu ukishanyooshwa, hushikwa vivyo hivyo bila kutikiswa hadi saruji ikauke.