Je, Wajua? Si kila divai ya Porto itamsubiri mtoto

Je, wajua kwamba chupa yenye mwaka aliozaliwa mtoto haitoshi kuwa akiba ya kufunguliwa akitimiza miaka 21, kama ilivyo desturi ya baadhi ya familia za Uingereza? Cha kuangalia kwanza ni aina. Divai ya Porto, itokayo bonde la Douro nchini Ureno, huongezwa pombe kali ya zabibu kabla haijamaliza kuchachuka, hivyo hubaki tamu na kufikia kilevi cha asilimia 20 hivi. Ile iitwayo tawni hukomaa ndani ya pipa. Ikishatiwa chupani, kuisubirisha hakuiongezei ubora. Vinteji hukaa pipani miaka miwili hivi tu, kisha huendelea kukomaa chupani kwa miongo. Hiyo ndiyo ya kumwekea mtoto.

Mtu atapinga akisema kwamba wazalishaji hutangaza vinteji miaka mizuri pekee, kama 2011 na 2016, na mtoto hachagui mwaka wake. Ni kweli, na inasikitisha. Lakini miaka isiyotangazwa, mara nyingi hutolewa vinteji za shamba moja, nazo hutunzika vizuri. Wala hakuna haja ya haraka: vinteji hutiwa chupani mtoto akiwa tayari anatembea.