Jiko Ndani ya Jumba la Kale

Jumba la Africa House, linaloitazama bahari pale Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilikuwa makao ya Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888. Leo ni hoteli, na jioni wageni hujaa barazani juu kula samaki na kamba jua likizama. Nashikilia kwamba kinacholiweka hai jumba kama hili ni jiko linalowaka kila siku zaidi ya kibao cha urithi ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hushuka hadi ncha ya boriti iliyozama ukutani, boriti ikaoza kimyakimya. Penye mkahawa, tone hilo huonekana siku hiyohiyo, maana linamwangukia mteja mezani, na mauzo ya siku humlipa fundi. Kinyume chake, Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 hapohapo Mji Mkongwe, lilikuwa makumbusho yakafungwa kwa uchakavu. Desemba 25, 2020 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Ni kweli mafundi walikuwa kazini siku hiyo, lakini ukarabati ulikuja baada ya miaka ya milango kufungwa.

Wapo wanaolalamika kwamba pasta ya ngisi na kamba ni ugeni katika nyumba za mababu. Pwani imekula tambi za nazi, sukari na iliki kwenye futari vizazi na vizazi, kwa hiyo sahani hiyo hainisumbui. Pingamizi zito ni jingine: mvuke na mafuta ya jikoni huchosha kuta, na kodi ya pango la kibiashara huwahamisha wenyeji. La kwanza lina dawa, yaani bomba la moshi na lipu ya chokaa badala ya saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe. La pili halina dawa ya jikoni. Linahitaji mamlaka zilinde nyumba za kuishi, na hapo nakubaliana na walalamikaji.

Kwetu Katavi jambo hili si la mbali. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hupita Sitalike, na migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika si wa kutafuta ng'ambo. Ngome ya Karema, ukingoni mwa ziwa hilo, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, ilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ikapata wakazi wa kuitunza. Boma la Wajerumani kule Kasanga, mwambao huohuo upande wa Rukwa, liliachwa likawa magofu. Kwa hiyo jengo la zamani likipangishwa mama lishe au mwenye hoteli, mkataba utaje wazi nani ananunua chokaa, nani anakagua paa kabla ya masika, na kodi inapungua kiasi gani kwa anayetengeneza.