Frere Town na Kengele Yake

Msafiri ashukaye pwani kutoka Kilungu, akiisha kupita kisiwa cha Mombasa na kuvuka daraja la Nyali, hufika penye njia panda iitwayo Kengeleni. Hapo pana kengele ya zamani, na magari hupita huku na huku. Wengi hulitaja jina hilo kila siku, lakini si wengi waulizao kengele yenyewe ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya kijiji cha Frere Town. Kijiji hicho ki upande wa bara, kaskazini ya kisiwa, nacho kimetengwa na Mji wa Kale kwa mkono mwembamba wa bahari tu. Zamani mkono huo ulikuwa mpaka mkubwa kuliko uonekanavyo.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja na serikali ya Uingereza. Mwaka huo huo Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini kumiliki watumwa hakukukatazwa. Tena, manowari zilipokamata majahazi, watu waliookolewa waende wapi? Wengi walitekwa mbali, pande za Ziwa Nyasa, wala hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Basi mwaka 1875 W. S. Price wa misioni ya C.M.S. aliwapatia makao ng'ambo ya Mombasa. Pamoja nao walikaa Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, watu wenye elimu na ufundi. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885.

Hivyo ng'ambo moja mtu alikuwa huru, na ng'ambo ya pili, mwendo mfupi wa mtumbwi, jirani yake alikuwa mali ya mtu. Watoro wakaanza kukimbilia misioni, hasa Rabai, na mabwana wao wakaghadhibika, wakatisha kushambulia. Husemwa kwamba kengele ililizwa kuwaonya watu hatari ikaribiapo. Wala uhuru wenyewe haukuwa mwororo: mwaka 1881 habari za viboko vilivyopigwa kijijini zilifika kwa Balozi wa Uingereza huko Unguja. Utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907.

James Mbotela, mtoto wa mmoja wa watu hao, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa.

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la sasa ni la mwaka 1980. Mashamba ya zamani yamejaa nyumba na maduka, na malori yenye maembe ya Makueni hushusha mizigo katika soko la Kongowea, karibu na kengele ile.