Ramani ya Tafiti za Elimu: Nafasi ya Kiswahili katika Uchanganuzi wa Kibibliometriki

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi uchanganuzi wa kibibliometriki unavyotumika kuonesha mielekeo ya tafiti za elimu, na inabainisha mipaka yake unapohusishwa na machapisho ya Kiswahili. Kwa kutumia mfano wa tafiti kuhusu lugha ya kufundishia nchini Tanzania, makala inajadili vipengele viwili: uteuzi wa kanzidata na uchakataji wa maneno. Hoja kuu ni kwamba ramani ya kibibliometriki huonesha kile kilichoorodheshwa. Ukimya wake si ushahidi wa kutokuwapo kwa utafiti.

1.0 Utangulizi

Katika mapendekezo mengi ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu hukutwa kauli kwamba mada husika haijashughulikiwa vya kutosha. Siku hizi kauli hiyo huweza kuambatana na mchoro wa vifundo na mistari uliozalishwa na kompyuta, nao huipa uzito wa kitakwimu. Hata hivyo, swali la msingi hubaki palepale: mchoro huo umetokana na data ipi?

Istilahi ya bibliometriki ilipendekezwa na Alan Pritchard mwaka 1969, ikimaanisha matumizi ya mbinu za hisabati na takwimu katika kuchunguza vitabu na vyombo vingine vya mawasiliano. Kabla ya hapo, mwaka 1955, Eugene Garfield alikuwa amependekeza fahirisi ya marejeleo ya kisayansi, ambayo ilianza kuchapishwa katika miaka ya 1960 na ndiyo chimbuko la kanzidata ya Web of Science. Scopus na Google Scholar zilifuata mwaka 2004.

2.0 Jinsi Ramani Inavyochorwa

Ramani ya kibibliometriki hujengwa kwa kupima ukaribu baina ya machapisho, na ukaribu huo hupimwa kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza, iliyoelezwa na M. M. Kessler mwaka 1963, huziona makala mbili kuwa na uhusiano iwapo zinarejelea kazi zilezile. Ya pili, iliyofafanuliwa na Henry Small mwaka 1973, huangalia kazi mbili zinazorejelewa pamoja na waandishi wa baadaye. Ya tatu, iliyoendelezwa na Michel Callon na wenzake mwaka 1983, huhesabu maneno yanayotokea pamoja katika maandishi. Programu kama VOSviewer, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, huyageuza mahesabu hayo kuwa picha: kifundo kikubwa huashiria neno au kazi yenye uzito, na vifundo vilivyo karibu huashiria mada zinazohusiana.

Njia zote tatu hutegemea sharti moja: chapisho liwe limeingia katika kanzidata. Lisiloingia halipimwi.

3.0 Kinachobaki Nje ya Ramani

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania unadhihirisha jambo hili. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kitumike pia katika elimu ya sekondari. Mwaka 1984, ripoti ya Criper na Dodd ilichunguza hali ya Kiingereza shuleni. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002, uliwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, na sehemu ya matokeo yake ilitolewa kama vitabu vilivyochapishwa Dar es Salaam.

Ni dhahiri kwamba nguzo kadhaa za mjadala huu ni ripoti za tume na vitabu vya wachapishaji wa nyumbani, ilhali kanzidata kubwa zimejengwa hasa juu ya makala za majarida. Aidha, Scopus hudai kila jarida liwe na vichwa vya makala na ikisiri za Kiingereza. Hivyo, hata makala ya Kiswahili inapokubaliwa, hutafutwa zaidi kupitia sura yake ya Kiingereza. Mtafiti anayeanzia kanzidata hizo peke yake anaweza kuukuta mjadala katikati na kudhani ndio mwanzo wake.

4.0 Umbo la Neno la Kiswahili

Tatizo la pili ni la kimofolojia. Mbinu za kupunguza maneno kwenye shina, kama kanuni ya Martin Porter ya mwaka 1980, hukata viambishi tamati vya Kiingereza. Katika Kiswahili, umoja na wingi wa nomino hubainishwa mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo *mtaala* na *mitaala*, au *mwalimu* na *walimu*, huhesabiwa kama mada tofauti, na uzito wa mada moja hugawanyika.

Kuunganisha maneno kwa mzizi pekee nako hakutoshi. Mzizi *-fund-* hupatikana katika *kufundishia* na *ufundishaji*, lakini pia katika *ufundi*. Zikiunganishwa, elimu ya ufundi na mbinu za ufundishaji zitaonekana kuwa uwanja mmoja. Kwa upande mwingine, *lugha ya kufundishia*, *lugha ya kujifunzia* na *lugha ya ufundishaji* huweza kurejelea dhana moja. Kigezo cha kuunganisha basi kiwe dhana, na uamuzi huo unahitaji mjuzi wa lugha. VOSviewer humruhusu mtafiti kuandaa faili la visawe kwa kazi hiyo.

5.0 Hitimisho

Makala hii haipendekezi kuachwa kwa bibliometriki. Inapendekeza kwamba mtafiti ataje kanzidata, tarehe na maneno ya utafutaji. Atafute kwa Kiswahili pia. Aongeze kwa mkono makala za majarida kama *Kioo cha Lugha* na *Mulika*, tasnifu na ripoti za tume. Na aambatishe orodha yake ya visawe ili wengine waikague. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, katika kanuni yake ya tatu, inasisitiza kulindwa kwa ubora wa tafiti zenye umuhimu wa mahali zinapofanyika. Kwa wasimamizi wa tasnifu, hatua ya kwanza ni ndogo: mwanafunzi anapoandika kwamba mada haijatafitiwa, aulizwe ametafuta wapi, na kwa lugha gani.