Mshipa, Ateri na Tumbo: Utata wa Istilahi katika Kiunguja

Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, hulitumia neno mshipa kwa ateri, vena, neva na hata ngiri. Tumbo nalo ni sehemu yote iliyo chini ya kifua, na pia ni mfuko wa chakula. Mkaazi wa Mji Mkongwe akilalamikia "mshipa wa tumbo" katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, huenda anakusudia ngiri, ilhali daktari mgeni akafikiria damu.

Anatomia haistahimili utata huo. Kutoka katika aota huchomoza shina fupi lenye matawi matatu: ateri ya kushoto ya tumbo, ya ini na ya wengu. Ya kwanza hufuata mpindo mdogo wa tumbo hadi ikutane na ateri ya kulia, itokayo upande wa ini. Mpindo mkubwa hulishwa na ateri mbili zinazokutana vivyo hivyo, moja ya asili ya ini, nyingine ya wengu. Kwa sababu ya kukutana huko, ateri moja ikizibwa, kwa kawaida tumbo halikosi damu. Neno mshipa halitoshi kulieleza jambo hili, maana vena nazo hupita kandokando ya ateri hizo, zikipeleka damu kwenye ini.