International Bomber Command Centre

International Bomber Command Centre ni kituo cha kumbukumbu na makumbusho kilichopo kwenye kilima cha Canwick, mjini Lincoln, mashariki mwa Uingereza. Kinawaenzi wanaume na wanawake waliotumikia Bomber Command, yaani kamandi ya ndege za mabomu ya Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kilifunguliwa kwa umma mwaka 2018.

Historia

Mkoa wa Lincolnshire una ardhi tambarare na unatazamana na bara la Ulaya ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Kwa sababu hiyo ulikuwa na viwanja 27 vya ndege za mabomu wakati wa vita. Kwa wanahewa wengi, kanisa kuu la Lincoln lilikuwa alama ya kuondoka na ya kurudi nyumbani.

Wanahewa wote wa kamandi hiyo walijitolea. Kati ya wapatao 125,000, waliokufa ni 55,573, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi. Walitoka Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Poland, visiwa vya Karibi na kwingineko. Johnny Smythe wa Sierra Leone, aliyekuwa mwongoza njia, alitunguliwa mwaka 1943 akafungwa Ujerumani hadi mwisho wa vita.

Hata hivyo, heshima yao ilichelewa. Mashambulizi yao yaliua raia wengi, hasa Hamburg mnamo Julai 1943 na Dresden mnamo Februari 1945, ambako walikufa watu wapatao 25,000. Baada ya vita hawakupewa nishani yao ya pekee, na mnara wao wa kitaifa jijini London ulizinduliwa mwaka 2012 tu.

Mnara na kuta za majina

Katikati ya uwanja kuna mnara wa chuma uliozinduliwa Oktoba 2015. Kimo chake ni mita 31.09, sawa na upana wa ndege ya Avro Lancaster kutoka ncha ya bawa moja hadi ya lingine. Ndege hiyo kwa kawaida ilibeba watu saba.

Mnara umezungukwa na kuta za mabamba ya chuma yaliyotobolewa majina karibu 58,000. Humo wamo wanahewa pamoja na watumishi wa ardhini, wakiwemo wanawake. Anayemtafuta ndugu yake anaweza kuangalia kwanza hifadhidata ya kituo kwenye intaneti, ambayo humwonyesha namba ya bamba lenye jina hilo. Wageni wengi huchomeka ua jekundu la mpopi kwenye jina walilolifuata.

Maonyesho

Jengo la maonyesho linaitwa Chadwick Centre, kwa heshima ya Roy Chadwick, mhandisi aliyebuni Lancaster. Ndani yake wageni husikiliza simulizi za wanahewa, mafundi na familia zao, pamoja na za raia waliokuwa chini ya mabomu. Kumbukumbu za kidijitali, zilizokusanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Lincoln, zina ushahidi wa Waingereza, Wajerumani na Waitalia.

Kituo kimejiwekea malengo matatu: kutambua, kukumbuka na kupatanisha. Ndiyo maana hakiwaoneshi wanahewa kama mashujaa tu, wala kama wauaji tu. Nje kuna bustani za amani, na miti 27 katika mojawapo inawakilisha viwanja vya Lincolnshire.