Makosa yanayomponza mwanagenzi wa bao

JUA la alasiri linapopungua makali Gede, kwenye njia panda ya kuelekea Watamu, ubao wa bao hutolewa na wazee wakajongea kivulini. Kijana anayeketi mbele ya mmoja wao kwa mara ya kwanza huinuka mapema, aghalabu kabla mpinzani wake hajamaliza kete alizoshika.

Kushindwa hivyo, yaani kushindwa mkononi, ndiko kunakoudhi zaidi. Hapana fedha inayopotea kama katika karata za poka, lakini pia hapana karata mbaya ya kusingizia. Mashimo yote 32 yako wazi mbele ya wachezaji na watazamaji, na watazamaji wa bao hawana desturi ya kunyamaza.

Kete ni 64, aghalabu komwe, mbegu ngumu za mkomwe uotao karibu na ufuo. Kila mchezaji ana 32. Huweka sita katika nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zinazobaki, 22, hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja kila zamu. Hatua hiyo huitwa kunamua.

Kosa la kwanza hutokea hapo hapo. Mwanagenzi akiona mtaji, yaani nafasi ya kula, huurukia. Ni kweli kwamba sheria humlazimu mwenye mtaji kula, lakini akiwa na mitaji miwili au mitatu haimchagulii ule wa kula. Zaidi ya hayo, kete alizokula huzigawa kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na ni hiari yake kuanzia kulia au kushoto. Hiari hiyo hutoweka anapokula kutoka kichwa au shimo lililo jirani nacho, ambapo hulazimika kuanzia kichwa kilicho karibu. Mkongwe huifuata kila njia kwa macho mpaka mahali kete ya mwisho itakapolala, kisha hujiuliza mpinzani atajibu nini. Mwanagenzi huhesabu alichokula, akasahau kilichobaki wazi.

Kosa zito zaidi linahusu nyumba. Kete ya mwisho ya mgao wa kula ikiangukia humo, na nyumba ikiwa bado na kete sita au zaidi, mwenyewe ana ruhusa ya kusimama au kuisafirisha. Mwanagenzi hushindwa kustahimili. Huzichota zote na kuzizungusha kwa mbwembwe, akala kidogo, na tangu hapo nyumba yake ni shimo kama mashimo mengine. Hazina aliyokuwa akiirundika imetawanyika.

Hata hivyo, kuiacha inenepe bila ulinzi nako ni kosa, kwa kuwa nyumba huliwa. Nyumba ya kila mchezaji hutazamana na shimo lililo kushoto mwa nyumba ya mpinzani. Mchezo unapoanza shimo hilo ni tupu, na likiwa tupu mpinzani hawezi kutia kete hapo akala. Basi kila linapojazwa, mwenye nyumba ana sababu ya kulila kabla hajaliwa yeye. Wanaojifunza hawaliangalii kabisa. Macho yao yako kwenye rundo lao wenyewe.

Wapo wanaokimbilia safu ya nyuma kwa kuwa huko kete haziliwi. Hesabu yao ni ya duka, si ya bao. Asiyekuwa na kete hata moja katika safu ya mbele ameshindwa papo hapo, hata kama nyuma anazo thelathini.

Kete za mkononi zikiisha, hatua ya mtaji huanza na mambo hubadilika. Mchezaji huchota kutoka shimo lake lenye angalau kete mbili. Aliyebaki na moja moja kila mahali hana mchezo, na huhesabiwa ameshindwa. Kwa upande mwingine, mchezo unaoanza na shimo lenye kete 16 au zaidi hauruhusiwi kula. Rundo ambalo mwanagenzi alilitunza kwa jasho hugeuka mzigo siku anapolihitaji.

Mtafiti Alex de Voogt, aliyeandika mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa Zanzibar, alishughulikia hasa uwezo wao wa kufuata kichwani michezo mirefu kabla ya kugusa kete. Katika kivuli cha Gede, mzee humfundisha kijana jambo hilo kwa njia fupi: kila anaponyoosha mkono kabla ya kufikiri, humwuliza kete ya mwisho italala wapi.